Masika Bila Samli

Jumatatu, 3 Machi 1958

Mvua bado. Joto limetulia juu ya mabati, halina haraka.

Leo nimempeleka mume wangu kwa daktari kwa ajili ya kope. Si macho. Macho yake mazima, anaona chuya moja katika pishi ya mchele. Kope. Tangu mwaka jana zimeota madoa ya manjano pembeni, upande wa pua, laini, yamevimba kidogo, kama mtu aliyejipangusa uso na mkono wenye siagi. Mimi nlidhani ni siagi kweli. Bwana Hija ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, nusu ya mji huu imekula biriani ya mkono wake, na mtu wa kazi hiyo kurukiwa na mafuta si habari. Nikamwambia akanawe. Akanawa kwa sabuni ya kufulia. Hayakutoka.

Daktari Bilimoria, yule Mparsi wa Hurumzi, aliyatazama yale madoa na hakusema kitu juu yake. Aliuliza kama kifua humbana akipanda ngazi.

"Hakinibani," akasema Bwana Hija.

"Tunakaa ghorofa ya tatu, daktari," nikasema. "Kila siku husimama mara mbili njiani. Husema anatazama watu wanaopita."

"Vizuri. Watu gani?"

"Ngazi yetu haina dirisha."

Daktari akaandika. Kisha akauliza habari za wazee na ndugu. Hapo Bwana Hija akainama akatazama viatu vyake, nikajibu mimi. Kaka yake Simai, naye mpishi, alianguka mbele ya sufuria katika harusi ya Mwembetanga, mwiko mkononi, hakuinuka. Watu walidhani ni moshi. Alikuwa na miaka hamsini. Bwana Hija ametimiza hamsini mwezi uliopita.

Damu imetolewa. Itapelekwa Nairobi kwa ndege. Damu yake imetangulia kupanda ndege kabla yake, na jambo hilo limemfurahisha njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Hitima, Malindi. Amerudi ananukia samli mpaka kwenye kofia. Kala, kalala.

Jumanne, 18 Machi

Majibu yamerudi. Daktari alitaja namba. Bwana Hija akauliza, "Ni nyingi?"

"Ingekuwa bei ya samli," daktari akasema, "usingenunua."

Nayaandika maneno yake nilivyoyaelewa. Katika damu ya mtu mna mafuta. Kidogo ni lazima. Yakizidi hugandia ndani ya mishipa, kama yanavyogandia katika karo la mtu anayeoshea masufuria ya pilau, mpaka siku moja maji hayapiti. Jina lake kolesteroli. Nilimwomba aniandikie, nimekuja nalo nyumbani nikalisoma herufi moja moja. Herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yanayofungiwa bizari Darajani, kwa hivyo habari zangu nyingi za dunia zina rangi ya manjano na hazina mwisho.

Njia ni mbili, akasema daktari: chakula na dawa. Katika chakula aache samli, nyama ya mafuta, maini, kiini cha yai, na nazi.

"Nazi?" akasema Bwana Hija.

"Nazi."

"Nazi ni mti, daktari. Mti hauna damu. Utatiaje mafuta katika damu ya mtu?"

"Majani nayo hayana damu. Ng'ombe anakula majani tu, na samli unaipata kwake."

Sijawahi kumwona mtu akishindwa kwa hoja ya ng'ombe.

Dawa ni vidonge vyeupe. Daktari alisema ni vitamini tu, ila kwa kipimo cha farasi; wenzake wa nje wameanza kuvijaribu miaka michache hii na yeye amesoma habari zao. Mtu akivimeza ataona joto usoni. Si kitu.

"Basi nipe vidonge," akasema mume wangu, uso umemng'aa. "Vidonge ntameza hata kumi."

"Na chakula?"

"Si umeshanipa vidonge?"

Nikamwambia daktari ampe vyote viwili. Daktari akasema ndivyo alivyokusudia. Tulipokuwa tunapanda ngazi za nyumbani Bwana Hija alisimama pahali pake pa kawaida, akavuta pumzi, akasema: "Haya, Mwanakheir. Vidonge vyangu, chungu chako. Tutaona nani ataniponya."

Ijumaa, 21 Machi

Mwezi umeonekana jana, leo tumefunga. Alasiri mvua ya kwanza. Panya wa bohari ya karafuu, chini kwetu, wamehamia ngazini.

Jumamosi, 22 Machi

Futari ya leo: muhogo wa kuchemsha na chumvi na ndimu, changu wa kuchoma, tende, uji. Nazi haikuingia jikoni. Bwana Hija aliitazama ile sahani kama mtu anayesomewa jina la maiti.

Jaku, msaidizi wake wa jikoni, mtu mzima mwenye watoto sita lakini Ramadhani hula kwetu, aliumega muhogo akautia mdomoni akautafuna pole pole.

"Bi Mwanakheir," akasema, "muhogo huu umefiwa?"

"Una nini?"

"Sina neno. Nnauliza tu, nijue kama nianze kuupa pole."

Jumanne, 25 Machi

Bwana Hija anavimeza vidonge mara tu adhana ya magharibi inapolia, kwa maji, kabla hata ya tende. Ana hamu navyo. Haupiti muda, uso unakuwa mwekundu, kisha masikio, kisha shingo mpaka kifuani, na anajikuna kama kavaa gunia la upupu. Halafu anavaa kanzu anakwenda tarawehe.

Nimemwambia pengine vingemkalia vizuri juu ya chakula. Amesema chungu kisiingilie mambo ya vidonge.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua usiku kucha. Ndoo nne zimejaa darini.

Bi Shemsa wa nyumba ya mbele amenisimamisha mlangoni. Bi Shemsa ni mwanamke ambaye dirisha lake halijapata kufungwa tangu vita viishe. Kwa miaka mingi nimemchukulia kuwa ni mdomo tu uliovalishwa buibui.

"Shoga, nnakwambia kwa sababu nnakupenda."

"Nambie."

"Mumeo Ramadhani hii anafuturu na nini?"

"Muhogo."

"Muhogo!" Akasogea. "Wenzake msikitini wanasema anakuja kavimba uso, mwekundu, macho maji, jasho linamtoka, hatulii katika safu. Wanasema muhogo hauleti hayo. Wanasema kinywaji."

"Kinywaji gani?"

"Mimi sijui vinywaji, shoga, ntajuaje? Wao ndio wanaojua."

Jumapili, 30 Machi

Mtu wa Kikwajuni kaleta salamu: ile harusi aliyoagizwa kupika mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, atapika mtu mwingine. Sababu hakuitaja. Bwana Hija hakuiuliza. Alikaa akinoa kisu ambacho hakikuwa butu.

Baadaye akasema, "Ntaviacha hivi vidonge."

Mimi nilipaswa kusema hapana. Nlisema, "Shauri yako." Nilikuwa nataka chungu kishinde.

Jumatano, 2 Aprili

Leo ilikuwa tamasha.

Hakuviacha. Jana alikwenda kwa Maalim Mcha, imamu wa msikiti wetu, akamweleza habari yote, pamoja na Nairobi na ng'ombe na nazi. Maalim ni mtu wa maneno machache. Alimwambia: "Kesho futuru barazani kwangu. Waalike wanaosema."

Wakaalikwa, wakaja wote, hata ambao hawakusema. Baraza ilijaa, na vichochoro viwili vikajaa miavuli. Sisi wanawake tulikuwa juu kwa mke wa Maalim, nyuma ya mbao za dirisha, Bi Shemsa kashika nafasi ya mbele kama aliyelipia.

Adhana ikalia. Bwana Hija akafungua kwa tende na maji. Kikombe chake kikazungushwa, kila mtu akanusa. Mzee mmoja alinusa mara mbili. Kisha akatoa kidonge, akakiinua juu wakione, akakimeza.

Watu walikaa wakimtazama shingo, kama tulivyotazama mwezi.

"Bado," akasema Jaku, aliyejifanya mshenga wa shughuli ile.

"Hakuna kitu," akasema mmoja.

"Ngoja, yakhe. Hiki si kiberiti. Bado... bado... Haya! Sikio la kulia! Jamani, sikio la kulia!"

Na kweli. Wekundu ukashuka kutoka masikioni kama pazia, ukaingia mashavuni, ukateremka shingoni. Baraza nzima ikapiga ukelele. Wengine walisimama kuona vizuri. Bwana Hija alikuwa kakaa wima, mikono magotini, anajizuia kujikuna, machozi yanamtoka.

"Inawasha?" akauliza Maalim.

"Inawasha, Maalim."

"Sana?"

"Maalim, kama si heshima yako ningejisugua na ukuta huu."

"Jikune," akasema Maalim. Akajikuna. Maalim akawageukia watu. "Mmeona. Tende, maji, dawa. Atakayesema neno jingine, aje alisemee kwangu."

Yule mzee aliyenusa mara mbili akauliza kama anaweza kupata kidonge kimoja, kwa sababu miguu yake hupata baridi msimu huu wa mvua.

Njiani Bi Shemsa alisema, "Mimi tangu awali nilijua ni dawa." Nilikuwa namfikiria yule mtu, mpishi anayejulikana mji mzima, amekaa wima anawashwa mbele ya watu ili apate kuendelea kumeza kidonge ambacho mimi nilikuwa namwombea kishindwe.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda mwenyewe kwa daktari. Kasema vimezwe katikati ya chakula, si juu ya tumbo tupu. Nimemweleza Bwana Hija. Hakusema kwamba chungu kimeingilia mambo ya vidonge.

Jumatatu, 7 Aprili

Vidonge vikimezwa juu ya muhogo, wekundu umepungua nusu. Mvua haijapungua.

Alhamisi, 10 Aprili

Tatizo sasa ni sahani.

Mwezi huu kila magharibi sahani hupita kichochoroni, yangu kwenda kwa jirani na ya jirani kuja kwangu, na haifai kurudi tupu. Mimi napeleka muhogo uliofiwa. Naletewa tambi za nazi, mkate wa kumimina, sambusa, kaimati zinazoelea shirani. Nikimwekea Bwana Hija, atakula. Nikivirudisha, nimetukana nyumba ya watu. Basi nimekuwa namteremshia Mzee Jecha, mlinzi wa bohari ya chini, ambaye mwezi huu ameanza kunawiri.

Leo Bi Shemsa kashuka mvua ilipokatika, kamkuta Mzee Jecha kakaa juu ya gunia anakula mkate wa nyama. Sahani anaijua. Ina maua ya buluu na imepasuka pembeni.

Alipanda ngazi zote bila kusimama.

"Nimekukosea nini, Mwanakheir?"

"Hukunikosea."

"Nimeukanda ule mkate kwa mayai sita, na mimi nimefunga, kiuno kinaniuma. Ukaona umpe mlinzi. Kwani chakula cha nyumba yangu kina nini? Nimetia kitu?"

Hapo ndipo hatari. Mtu asiyekula chakula cha jirani anasema jambo zito kuliko mtu anayemtukana. Nilimweleza: kolesteroli, mishipa, karo. Nilipofika kwenye habari ya Nairobi akainua mkono.

"Mimi si mtoto. Miaka yote mnakula, leo samli yangu ina ugonjwa. Sahani zetu zimekatika."

Kashuka. Sahani kaiacha kwa Mzee Jecha.

Jumanne, 15 Aprili

Hapana sahani. Kichochoro kipana ghafla.

Jumapili, 20 Aprili. Sikukuu

Naandika nimekaa chini karibu na kitanda chake. Analala, anapumua.

Asubuhi alivaa kanzu mpya, akapaka mafuta ya uturi, akatoka kusali. Mlangoni nilimwambia: "Ukipita majumbani, kahawa tu." Akasema, "Kahawa tu, mama." Alikuwa mwepesi, mchangamfu. Mwezi mzima alikuwa hajambo. Kope zile zile, lakini ngazini alikuwa akisimama mara moja. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu kimoyomoyo.

Baada ya adhuhuri nikasikia hatua zake chini. Hatua za mtu wako unazijua. Zikapanda, zikasimama. Nikasema moyoni, pahali pake. Zikapanda tena, zikasimama. Kisha sikusikia kitu. Nikangoja. Nikaita, "Bwana Hija!" Hakuitika "naam."

Nilimkuta kakaa gizani katikati ya ngazi, kaegemea ukuta, mkono umebana kifua, jasho limelowesha kanzu mpya. Uso wake haukuwa mwekundu. Ulikuwa rangi ya jivu, na mimi nilitamani kuuona wekundu.

"Nini?"

"Kuna jiwe," akasema. "Limekaa hapa. Na mkono huu."

Sikuweza kumpandisha wala kumteremsha. Nikapiga kelele. Sijui niliita jina gani, lakini aliyefika ni Bi Shemsa, kichwa wazi, kaacha wageni wake wa sikukuu. Hakuuliza kitu. Alikaa nyuma yake, juu ya ngazi yenye mavi ya panya na matope ya mvua, akamweka kichwa kifuani kwake kama mwanawe, akaniambia: "Nenda wewe kwa daktari. Mie nnamshika. Nenda!"

Daktari Bilimoria alikuja na mwavuli na viatu vya nyumbani. Alimtia kidonge kidogo chini ya ulimi. Tukangoja sote ngazini. Bi Shemsa alikuwa akisoma Yasin kwa sauti ya chini. Kisha Bwana Hija akavuta pumzi moja ndefu, ikaingia yote.

Daktari alimuuliza amekula nini.

"Nilionja tu."

"Wapi?"

"Kwa ndugu. Kwa marafiki."

"Nini?"

Alifumba macho. "Biriani ya Kiponda ilikuwa kavu," akasema. "Nikaonja ya Mkunazini kulinganisha. Pale wameunguza vitunguu. Nikasema labda ya Malindi."

"Na vidonge?"

"Leo sikukuu, daktari."

Daktari hakucheka, na mimi sikucheka, ingawa wakati mwingine ningecheka. Alisema mara hii moyo umemwonya kwa upole. Akasema moyo haurudii maneno mara nyingi.

Tulimpandisha watu wanne. Bi Shemsa alikuwa wa mwisho kuondoka. Alisimama mlangoni akatazama matope kwenye nguo yake ya sikukuu.

"Yale mafuta ya damu," akasema, "ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

"Alaa," akasema, akashuka.

Alhamisi, 24 Aprili

Kitandani bado. Anameza vidonge vyake, anakula chungu changu, hatanii. Nyumba haina ladha.

Magharibi sahani yenye maua ya buluu imekuja kutoka kwa Bi Shemsa; kumbe aliichukua tena kwa Mzee Jecha. Mchicha wa kuchemsha, ndimu, hauna nazi. Nimeonja. Mbaya kama wangu. Nimekaa nikalia kidogo, kisha nikaupeleka kwa mgonjwa.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Mvua. Kashuka ngazi na kupanda pole pole, bila kusimama.

Alhamisi, 1 Mei

Daktari kamruhusu kupika, kwa masharti matatu: asiinue sufuria, asikae motoni muda mrefu, asile anachopika. La kwanza na la pili Jaku atayabeba. La tatu Bwana Hija kalirudia mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa aoge asilowe.

"Jaku si ataonja?" nikauliza.

"Jaku kila kitu kwake kitamu. Ulimi wake umekufa kwa tumbaku."

Jumatatu, 5 Mei

Jana ilikuwa harusi ya Ng'ambo, kazi yake ya kwanza tangu sikukuu. Alikuwa na hila. Ramadhani mpishi huruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na funga yake isiharibike. Basi akaona ni vile vile. Aonje, ateme. Nani atakayedhurika?

Alionja pilau mbele ya sufuria, akageuka, akatema kando ya turubai. Mfungo mosi. Watu hawafungi. Na pale kando ya turubai walikuwa wamesimama wageni wanaokimbia mvua.

Jaku kanisimulia, leo hana mzaha. "Mmoja akamuuliza mwenzake, ati kwa nini mpishi anatema pilau yake mwenyewe? Mwenzake akasema, anajua alichotia. Bi Mwanakheir, lile neno lilifika kwenye masinia kabla ya pilau."

Masinia yamerudi na chakula. Haijapata kutokea. Mwenye harusi hakuja kuaga.

Leo nimeona Bwana Hija kavitoa vyombo vyake vyote, miiko, pawa, visu, kaviosha na kuvipanga juu ya mkeka. Hupanga hivyo mtu anayetaka kuuza.

Alasiri nimemwambia, "Kula ukafe kama Simai, au acha ukae nyumbani. Chagua."

"Hayo ndiyo mawili tu?" akauliza.



Jumamosi, 10 Mei

Majibu ya pili kutoka Nairobi. Namba imeshuka. Haijafika inapotakiwa, lakini imeshuka sana.

"Dawa imefanya kazi," akasema daktari.

"Na chungu?" nikauliza.

"Chungu kimesaidia."

"Nani kamsaidia nani, daktari? Ng'ombe wako yuko upande gani?"

Daktari akakiri kwamba hajui. Akasema angetaka kujua ingebidi aondoe kimoja, na hathubutu. Viendelee vyote viwili, miaka yote.

Bwana Hija alikuwa kakaa katikati yetu. "Na mimi?" akasema. "Aliyewashwa ni nani? Aliyekula ule mchicha ni nani? Mbona sitajwi?"

Daktari akaomba radhi. Nami nikaomba, kwa macho.

Jumatano, 14 Mei

Maalim Mcha anamwoza binti yake Jumapili. Kaja mwenyewe, kapanda ngazi, kakaa juu ya mkeka penye vyombo.

"Nataka biriani," akasema.

"Maalim, umesikia ya Ng'ambo."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu, niseme mwenyewe."

"Siwezi kuonja. Na biriani isiyoonjwa siitoi, hata kwa adui."

"Basi tafuta ulimi," akasema Maalim, akanywa kahawa yake, akaondoka.

Jumapili, 18 Mei

Nimechoka na nguo zangu zinanuka moshi. Naandika kabla ya kuoga.

Nilikwenda harusini kama wanawake wengine, nikapanda juu kwa bibi harusi. Uani chini palikuwa pa wanaume: turubai, masufuria matatu, Jaku anafoka, mvua ya rasharasha. Bwana Hija alikaa juu ya kibao mbali na moto, anaamrisha kwa kidole.

Karibu ya adhuhuri nikasikia jina langu. Si "mama." Jina langu, kwa sauti, kutoka uani, mbele ya wanaume wote wa mtaa.

"Mwanakheir! Hebu njoo!"

Wanawake walinigeukia. Bi Shemsa akasema, "Kafanya nini tena huyu?" akanipa buibui langu.

Nilishuka. Wapishi wakaacha kufanya kazi. Mwanamke hasimami kwenye masufuria ya shughuli. Sisi tunapika majumbani, biriani ya harusi inatufikia juu kwenye sinia, imeshapoa. Nimeolewa na mpishi yule miaka ishirini na saba na nilikuwa sijapata kuiona biriani yake ikitoka motoni.

"Huyu ndiye atakayeonja," akawaambia. "Mwenye neno aseme sasa, tujue mapema."

Mmoja akakohoa. Maalim Mcha alikuwa kasimama mlangoni. Kikohozi kikaisha.

Jaku akafunua sufuria. Mvuke ukaniingia usoni: zafarani, iliki, vitunguu vilivyokaangwa mpaka kuwa kahawia, na chini yake samli, samli ile yenyewe niliyoifukuza nyumbani kwangu masika nzima kama mwizi. Bwana Hija akachota kwa upawa, akanitilia kiganjani, yeye mwenyewe kageuza uso asivute harufu.

Nikaonja.

Sina maneno ya hili, na nina maneno mengi. Nilidhani nimemnyima chakula. Nilikuwa najua mafuta, najua mishipa, najua Nairobi. Nilikuwa sijui alichokuwa akikiacha kila magharibi alipokaa mbele ya muhogo wangu.

"Vipi?" akauliza. Hakunitazama. Alitazama mdomo wangu, kama anayesoma.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna biriani kama ile duniani. Lakini hakuniita kwa hilo.

"Chumvi bado," nikasema. "Na ndimu, kidogo, pembeni."

Akafikiri. Akaonja maneno yangu, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuonja. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamwambia Jaku, "Umesikia. Chumvi. Ndimu pembeni."

Jaku akatia. Upepo ukageuka, moshi ukaja upande wangu. Bwana Hija akainuka juu ya kibao chake, akakisogeza pahali pasipofika moshi, akakipangusa kwa mkono, akaniashiria nikae.

"Kaa," akasema. "Bado masufuria mawili."